Kambi ya Watu Wasioapa

Sufuria za kituo kile cha kanisa la Wamenoniti zinanijua vizuri. Nimezisugua kwa majivu na mchanga wa ziwa likizo baada ya likizo mpaka zikang'aa, na wala sikuwa mtu wa jikoni. Nilikuwa msimamizi wa hema la wasichana, cheo ambacho kwetu kinaitwa monitrisi. Nilikuwa na filimbi shingoni, kofia, na hema zima la mabinti wa kuwapigia kelele. Kilichoniponza ni mdomo. Wamenoniti hawaapi, na katika kambi yao anayeapa huosha sufuria.

Imani yao wanaieleza hivi: Yesu alikataza viapo vyote, vikubwa na vidogo. Mtu mkweli aseme ndiyo, au aseme hapana, kisha anyamaze. Hawashiki bunduki, hawalipizi kisasi, hawaapi hata mbele ya hakimu. Ni imani nzuri na sina neno nayo. Kazi ni kuipanda huku kwetu Fizi, ambako mtu hakuuzii fungu la muhogo bila kumuua mama yake kwa maneno. "Haki ya Mungu!" "Mungu moja!" "Mama akufe!" Kuna anayelamba kidole, akagusa udongo, kisha akakielekeza mbinguni. Kuna anayejipitisha kidole shingoni, kana kwamba wewe mnunuzi wa ndagala, yaani dagaa, umemwomba kichwa chake. Mwenye duka anaapa kwamba sukari haijanyeshewa, mwenye pikipiki anaapa kwamba tairi ni jipya, na mteja anaapa kwamba atalipa kesho. Ukisema jambo bila kuapa, watu wanakutazama na kusubiri, kwa sababu kwao hujamaliza kusema.

Mimi nimekulia sokoni Baraka, nyuma ya meza ya mama yangu muuza mawese. Nilijua kuapa kabla sijajua kuhesabu chenji.

Kituo chenyewe kiko kati ya Baraka na Lweba, mahali ambapo kilima kinashuka na kuacha kipande cha tambarare kabla ya maji. Kuna ukumbi wa bati usio na kuta, jiko, mahema ya turubai, na juu kidogo kwenye mteremko, vyoo. Aliyechagua mahali pa vyoo alikuwa na roho ya ukarimu, maana ukikaa pale unaliona ziwa lote mpaka milima ya ng'ambo. Vijana walikuwa wakikaa humo muda mrefu kuliko haja yenyewe.

Mkuu wa kambi alikuwa pasta mrefu, mwembamba, mwenye megafoni. Alipenda amani, na aliipenda kwa sauti kubwa. Alfajiri alituamsha kwa kututangazia amani mpaka mbwa wa kijiji cha jirani wakaanza kubweka. Alibuni mpira wa amani, ambao magoli yake hayahesabiwi, ili asiwepo mshindi wala mshindwa. Vijana walihesabu kimyakimya, kisha wakaenda kupigania matokeo nyuma ya vyoo. Nilimpenda yule mzee, nasema kweli. Alikuwa na moyo safi na masikio mabovu kidogo, na sijui kama mkuu wa kambi ya vijana anahitaji kitu kingine.

Likizo ninayoisimulia ni ya miaka michache iliyopita. Katika hema langu aliingia binti kutoka Minembwe, kule juu kwa wafugaji. Alikuwa ameshuka kwa miguu, halafu kwa pikipiki, na alifika ana tope mpaka magotini na viatu vya shule vimening'inia shingoni, visafi. Ziwa hakuwa amewahi kuliona kwa karibu. Alilitazama kwa muda, akaniuliza ni la nani. Nilimwambia ni la Mungu, lakini wavuvi wa Lweba bado hawajaambiwa. Hakucheka. Chakula cha kwanza kilipokuja, ugali na ndagala, aliisukuma sahani polepole.

"Dada, hizi samaki zinaniangalia," aliniambia.

Nilizila mimi. Kwa hiyo urafiki wetu ulianza vizuri.

Hakuja kucheza. Mama wa jikoni, shemasi mwenye mikono minene na macho yasiyolala, alikuwa shangazi yake, ameolewa Baraka siku nyingi. Binti alitaka kukaa kwake asome sekondari, kwa sababu kule juu shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na yeye alikuwa amechoka kungoja. Shangazi alikubali kwa sharti moja, na alilitamka mbele yetu sote akiwa na mwiko mkononi:

"Mi sikujue. Baba yako ni kaka yangu, lakini weye sikujue. Nitakuangalia hii juma yote ku kambi. Nikiona uko mutoto ya kweli, unabakia kwangu, unasoma. Nikiona bongo, unarudia ku mulima."

Bongo, kwetu, ni uongo. Binti aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo alinyooka. Alitandika, alifagia, alichota maji bila kuambiwa. Na siku ya kwanza ya mafundisho, pasta alipotueleza habari za viapo, sisi wengine tulikuwa tunasukumana viwiko na kutazama wavulana. Yeye alisikiliza. Huko ndiko matatizo yote yalikotoka.

Kituo kilikuwa na mtumbwi mmoja, wa kuwatembeza vijana na wa kuvulia siku moja moja. Ulifungwa kwa kamba kwenye kisiki ufukweni. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, saa ya kupumzika, kila mtu alikuwa hemani au alitakiwa awe hemani. Tulipoamka, kisiki kilikuwepo na mtumbwi haukuwepo. Ziwa lilikuwa tupu mpaka upeo wa macho.

Kwa Wamenoniti jambo kama hilo halipelekwi kwa polisi, wala hakuna hakimu. Watu wote wanakaa ukumbini kwa duara, wazee na vijana, na wanaongea mpaka wote wakubaliane. Ni utaratibu mzuri kwa watu wenye nafasi. Tuliketi, bati likatuchoma, pasta akasimama katikati na megafoni yake ingawa tulikuwa karibu naye kabisa.

"Batoto bangu, nani alifungula mutumbwi?"

Msimamizi wa hema la wavulana, kijana mmoja aliyependa haki kila ilipowahusu wengine, akainua mkono.

"Pasta, mi niliona mutoto mwanamuke kule ku mutumbwi. Alikuwa na kitambaa ya bleu ku kichwa. Sura sikuione, nilikuwa mbali."

"Weye ulikuwa wapi?"

"Ku choo, Pasta."

Duara zima lilicheka, na pasta akatukumbusha amani. Lakini kitambaa cha bluu hakikuwa kichekesho. Pasta mwenyewe ndiye aliyegawa vitambaa, kila hema na rangi yake, na bluu ilikuwa yetu. Mshtakiwa basi alikuwa hema langu zima. Mabinti walisimamishwa mstari, na mimi nikasimama pembeni yao na filimbi yangu ambayo ghafla haikuwa na kazi.

Alianza na wa kwanza. "Ni weye?"

"Mama akufe, Pasta! Siye mi!"

"Sufuria," pasta alisema kwa uchovu, akaenda kwa wa pili.

"Haki ya Mungu, niko naenda kufa hapahapa kama ni mi!"

"Sufuria."

Ikaendelea hivyo. Kila binti aliapa, kila binti alipewa sufuria, na kila binti aliketi ameridhika, kwa sababu sufuria huoshwa zikaisha, lakini jina likichafuka linakaa. Na watu waliwaamini. Niliwaona wazee wakitikisa vichwa kukubali, shangazi wa jikoni akiwemo, kila kiapo kilipokuwa kizito zaidi. Mmoja alimuua bibi yake pamoja na mbuzi wa bibi. Alisifiwa.

Ikafika zamu ya binti wa Minembwe.

"Ni weye?"

"Hapana."

Tukasubiri. Pasta pia alisubiri, nasema mliosoma mnisikie, yule pasta aliyetufundisha mwenyewe alisubiri. Binti alimtazama. Alikuwa amemaliza.

"Hapana tu?" msimamizi wa wavulana aliuliza. "Juu ya nini halape?" Kulapa, kwetu, ni kuapa; alitaka kujua kwa nini haapi.

Ukumbi ukaanza kunong'ona, na minong'ono ya vijana husikika mpaka Lweba. Mwenye kosa njo anaogopaka kulapa. Muntu mwenye hana kitu analapa tu, inamuuma wapi? Anamuogopa Mungu juu anajua yenye alifanya. Hao ni vijana waliokaa juma zima wakifundishwa kwamba kuapa ni dhambi. Sasa walikuwa wameketi ndani ya kituo cha watu wasioapa, wakimhukumu mtu mmoja tu ambaye hakuapa, kwa sababu hakuapa.

Pasta alikuwa amechoka. Jua lilikuwa kali, wengine walishaanza kusinzia, na kukubaliana kulikuwa mbali. Alishusha megafoni, akamwinamia.

"Binti yangu, lapa tu basi. Tumalize."

Nilitazama juu kuona kama paa litatuangukia. Bati lilikaa mahali pake.

"Pasta, siku ya kwanza ulisema tusilape," binti alisema.

"Ndiyo, nilisema. Lakini hii ni mambo ya mutumbwi."

Binti alitazama miguu yake. Ndipo shangazi yake alipoinuka kutoka upande wa pili, mzito, bila mwiko safari hii, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mutoto ya kaka yangu. Bote balilapa. Kama weye hulape, mi nitasema nini ku bwana yangu? Nitaingiza nani mu nyumba? Lapa. Bila vile, kesho unapanda ku mulima."

Nilimwona akilini yule binti akirudi kule juu na viatu vyake visafi shingoni kwa sababu ya neno ambalo mimi nilikuwa nalitupa sokoni mara ngapi kwa siku, bila kulipwa. Hasira ikanipanda, na mimi nikipandwa na hasira sijui kukaa. Nilisogea mbele. Niliipuliza filimbi ili wanyamaze.

"Haki ya Mungu!" nilisema. "Mungu moja! Mama yangu akufe na baba amufuate, na mi nikufie hapa mbele yenu! Huyu mutoto alikuwa mu hema saa yote ya kulala. Alikuwa pembeni yangu. Nilikuwa namuangalia na haya macho yangu mbili!"

Nililamba kidole, nikagusa sakafu, nikakielekeza mbinguni. Kilikuwa kiapo kizuri. Nimeapa vingi, na hicho nakihesabu katika vile vya kwanza.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala fofofo, mdomo wazi, na kama wangeiba hema nisingejua. Na mama yangu alikuwa mezani kwake Baraka, mzima, anapima mawese. Yuko mzima hadi leo. Kwa viapo vyangu alipaswa kuzikwa kabla sijamaliza shule ya msingi, lakini yule mama ana afya.

Kiapo kilifanya kazi yake. Ukumbi mzima ulipumua. Msimamizi wa wavulana alikunja uso, akasema labda aliona vibaya, jua lilikuwa machoni. Mzee mmoja akasema huenda ni upepo. Shangazi alifunga macho na kushusha mabega, na pasta alikuwa tayari anainua megafoni atangaze amani. Nilimtazama binti wangu, nikamkonyeza.

"Dada, hapana," alisema.

Nilijifanya sikusikia. Akarudia, kwa sauti zaidi, akimgeukia pasta.

"Dada alikuwa amelala. Hakuniona. Mi nilitoka mu hema, nilienda ku ziwa. Ni mi mwenye alikuwa na kitambaa. Nilipanda mu mutumbwi, nikakaa mule kidogo, nilikuwa nataka kusikia vile maji inatikisaka. Nikashuka. Kamba ilikuwa imefungwa, niliiacha vile. Sikufungula."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mtoto wakati huo. Nilikuwa nimemtoa shimoni, yeye akaruka na kurudi ndani, tena akanivuta na mimi. Msimamizi wa wavulana alianza, "Munaona, nili—" kisha akanyamaza mwenyewe katikati ya neno. Nadhani na yeye alikuwa ameliona lile ambalo kila mtu alianza kuliona, polepole, jinsi mtu anavyoona baada ya kutoka juani na kuingia ndani ya nyumba. Muda wote ule hakuna aliyekuwa amemuuliza yule binti alikuwa wapi. Tulishughulika na kiapo mpaka tukasahau swali.

Shangazi ndiye aliyetangulia.

"Pasta," alisema, "dada yake alishamulapia, mulango ya kutoka ilikuwa wazi. Mambo ilikuwa imekwisha. Angetoka tu. Njo ye mwenyewe amerudia kuufunga. Mwenye bongo hafanyake vile."

Pasta aliweka megafoni chini sakafuni. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akamsogelea binti na kumuuliza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia.

"Hukufungula?"

"Hapana."

"Basi ni hapana."

Hakuna aliyepinga. Shangazi alivuka duara, akamshika binti mkono na kukaa naye kwenye benchi ya wamama wa jikoni, na hivyo tukajua atasoma Baraka. Nilisikia baadaye kwamba mtumbwi uliletwa kesho yake na wavuvi wa Lweba walioukuta unaelea peke yake, mzima, na kamba yake nzima. Nani aliufungua, sijui mpaka leo, na simshuku mtu.

Ilibaki habari yangu. Pasta alinigeukia kwa huzuni ya kweli. Alisema sufuria zote za kituo hazitoshi kwa kosa lile, na kwamba msimamizi anayeapa uongo mbele ya watoto hawezi kubaki na filimbi. Lakini, kama utaratibu wao ulivyo, lazima wote wakubali. Akauliza mmoja mmoja kama niende nyumbani. Duara lile lililoshindwa kukubaliana mchana mzima juu ya mtumbwi lilikubaliana juu yangu kwa haraka ya ajabu. Mabinti wangu wenyewe walisema ndiyo, wengine kwa viapo. Wa mwisho kuulizwa alikuwa yeye.

"Na weye? Dada aende?"

Alinitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Ndiyo," alisema.

Nilikusanya vitu vyangu nikiongea peke yangu, maneno ambayo Mmenoniti hapaswi kuyasikia. Nilipotoka hemani na mkoba, nilimkuta ameshajitwika godoro langu kichwani. Sikumshukuru. Tulipanda mpaka barabarani, yeye mbele, mimi nyuma nikimtazama visigino. Alilishusha godoro kwenye majani, akasimama pembeni yangu tukisubiri pikipiki ya kwenda Baraka. Aliendelea kulia, kimya, na mimi niliendelea kukasirika, mpaka nikashindwa.

"We mutoto," nilimwambia, "juu ya nini? Balikuwa bamekwisha kuamini!"

Alifuta pua kwa kile kitambaa cha bluu.

"Baliamini weye, dada, hapana mi," alisema. "Na njo mi nitakaa mu ile nyumba ya shangazi."

Pikipiki ilifika. Mwenye pikipiki aliniapia kwamba breki ni nzima, nami nikapanda na godoro langu, nikamwona yule binti akishuka kurudi jikoni kwa shangazi yake, bila kukimbia.